Ombi la Tatu

Mwaka wa pili sasa Agata alikuwa akimwandalia maiti chakula. Kila asubuhi aliweka wali, samaki wa chumvi na pombe ya mchele. Kila jioni alikiondoa chakula kilekile, kimejaa nzi. Maiti huyo, Mfalme Mkuu wa Yamato, Japani ya kale, alilala katika kibanda cha maombolezo bila kuzikwa, maana anayezika ni mrithi, na mrithi alikuwa bado hajakubali kiti. Hadi mazishi, mlinzi wa kibanda kama Agata haogi, hachani nywele, haendi kwao.

Na huko kwao, shamba la mpunga ambalo mwenyewe hakulipanda misimu mitatu hupewa mtu mwingine. Agata alishakosa miwili. Zilibaki siku kumi kabla ya kupanda.

“Waziri, vipi mrithi?” alimwuliza Moroe aliyekuwa akipita langoni.

Moroe akaziba pua. “Wewe mzee, ndege wakitaga humo kichwani utatuambia. Nimemwomba mara mbili, mara mbili kasema hafai. Mimi si ombaomba. Akitaka ataniita.”

Adhuhuri mrithi mwenyewe, Mizuhi, alikuja kumlilia baba yake. Alilia vizuri, kwa utaratibu, kisha akajifuta uso.

“Mtukufu,” Agata akasema, “kiti unakitaka au hukitaki?”

Mizuhi akashtuka. “Ni swali gani hilo? Mtu mwenye adabu hukataa mara mbili. Nangoja kuombwa mara ya tatu.”

“Na waziri anangoja umwite.”

“Nimwite? Nionekane nina njaa ya ufalme?”

Agata alimtazama, akamtazama na yule aliyelala ndani. Miezi kumi na tisa ya nzi! Akapiga magoti palepale na uchafu wake wote.

“Basi mimi nakuomba. Mara ya tatu hii. Tawala.”

“Sifai,” alijibu Mizuhi bila kufikiri, mdomo umeshazoea.

“Haya!” Agata akasimama, magoti yakalia. “Nakwenda kumwambia waziri umekataa mara tatu. Amtafute binamu yako.”

“Wee, subiri! Mzee, subiri bwana!”

“Nisubiri nini tena?”

“Niombe upya.”

“Siombi. Nimechoka mimi! Sema sasa hivi, na useme kwa sauti, waziri yuko pale langoni.”

Mizuhi akageuka mwekundu hadi masikioni. “Nimekubali!” akapaza sauti. Kule langoni Moroe akaanguka kifudifudi, na walinzi wote pamoja naye.

“Unamzika lini?” Agata akauliza.

“Kwanza tuchague siku njema, halafu wacheza ngoma…”

“Lini, Mtukufu?”

“Kesho kutwa,” alisema mfalme mpya kwa unyonge.

Mazishi kesho kutwa, siku moja ya kujitakasa mtoni, siku tatu za njia. Zinatosha. Agata hakushukuru wala hakuinama. Alikwenda nyuma ya kibanda akaanza kung'oa nguzo za uzio, moja baada ya nyingine, kabla mtu hajabadili mawazo.