Baraza la Zein na Mfereji wa Barani

Mwenyekiti Zein alikuwa na hakika kwamba mfereji ule wa maji ya bomba ungempa heshima mpaka siku ya kufa kwake. Chama cha wafanyabiashara wa mtaa wa Barani, alichokiongoza yeye, kilitoa saruji na mchanga. Kaunsili ikatoa mabomba na fundi. Na mahali pa kuuweka akachagua Zein mwenyewe. Akachagua wapi? Mbele ya duka lake, hatua nne kutoka baraza la mawe alilojenga marehemu baba yake, ambapo wanaume wa mtaa walikaa kunywa kahawa kutwa nzima. Hotuba zikasomwa, makofi yakapigwa, maji matamu yakatoka. Huo ulikuwa mwaka 1984.

Wiki tatu baadaye aliyechota hapo alikuwa Zein peke yake, tena ya kuoshea vikombe vya kahawa.

Tsuma, afisa wa maji wa kaunsili, alikuja akautazama mfereji, akaitazama sakafu iliyokauka, akatikisa kichwa.

"Mwenyekiti, mabomba ni machache, na mitaa inayolilia maji ni mingi. Mwisho wa mwezi nikikuta pamekauka hivi, nitaung'oa niupeleke kwingine. Usinichukie."

"Hawa wanawake wetu wamezoea maji ya chumvi," alisema Zein, aibu imemjaa. "Ukiwapa matamu hawajui la kuyafanyia."

Alirudi nyumbani kwa chai ya jioni bado amenuna. Akapiga funda moja, akakiweka kikombe chini.

"Hafidha, maji haya ya wapi?"

"Ya kisimani kwa Bi Hindu," alijibu mkewe.

"Mke wangu mwenyewe! Mfereji uko mlangoni mwa duka langu, nawe wenda kuteka chumvi!"

Hafidha hakupandisha sauti. "Ulipokuwa ukichagua mahali, ulituuliza? Nipite mbele ya wanaume kumi na ndoo kichwani, buibui limenirowa mwilini, nao wamenyamaza wanihesabia hatua? Siku nikipita hivyo, wa kwanza kununa ni wewe."

 Maneno yalikuwa ya kweli, na Zein hakuwa na pa kukimbilia.

Asubuhi akajaribu njia rahisi, kama kawaida yetu wanaume. Akawaomba wenzake kwamba mwanamke akija, wageuze nyuso ukutani. Wakakubali. Mwanamke wa kwanza kufika alikuta migongo kumi imejipanga kama watoto wa chuo cha Kurani waliokosea kusoma. Akashikwa na kicheko, akarudi na ndoo tupu.

Zein akamwendea Tsuma kuomba bomba la kuufikisha mfereji uchochoroni, wanakopita wanawake.

"Sina hata shubiri moja," alisema Tsuma. "Mfereji hauhamiki. Tafuta kingine kinachohamika."

Kilichohamika kilikuwa kimoja tu, na Zein alikijua, na moyo ulimuuma. Ni juu ya baraza lile alikofundishwa herufi na babake, na hapo hapo ndipo watu walipompa mkono wa tanzia babake alipokufa. Hata hivyo kesho yake alitoka dukani na mtaimbo. Mzee Fumo, mkubwa wa wanywaji kahawa wote, alikuwa amekwisha kukaa.

"Shikamoo, Mzee Fumo. Naomba uinuke."

"Marahaba. Niinuke niende wapi?"

"Nyuma ya ghala, kuna kivuli. Nataka kulivunja."

"Baraza la babako, Zein? Alilijenga kwa mikono yake, mimi nikimpa mawe!"

"Najua, mzee wangu. Na ndilo linalowanywesha chumvi binti zako."

 Mzee Fumo akaimaliza kahawa, akainuka. Zein akapiga pigo la kwanza, na machozi yakamtoka mchana kweupe, wala hakuyaficha.

"Mawe haya hayatupwi," alisema Mzee Fumo. "Nilimpa babako moja moja. Na wewe nitakupa."

Wakayapanga kuwa ukuta kati ya mfereji na njia, mlango wake ukielekea uchochoroni. Chama kikatoa chokaa, Tsuma akaleta mwashi wa kaunsili, na siku ya tatu ukuta ulikuwa umepita kichwa cha mwanamke aliyejitwika ndoo.

Mwisho wa mwezi Tsuma alisikia kabla ya kuona: ndoo zikigongana, wanawake wakicheka na kugombania foleni. Zein naye akashindwa kujizuia, akatoka dukani akinyoosha shingo.

"Mwenyekiti!" sauti ikatoka nyuma ya ukuta. Ilikuwa ya Hafidha. "Kivuli chako twakiona! Ingia ndani!"

Wanawake wakaangua kicheko. Mwenyekiti akarudi dukani mbio mbele ya mtu wa kaunsili, na hajawahi kufurahia amri kama ile.

Jioni Hafidha alimwekea chai. Zein akaonja, akainywa yote, akasogeza kikombe aongezwe. Hakuuliza maji ni ya wapi.