Filimbi ya Afande

Kufuli lilikuwa juu ya meza ya jikoni tangu Jumapili, na ufunguo wake ulifungwa kamba nyekundu ili nisiupoteze. Mwanangu ndiye aliyeliweka pale.

"Mama," aliniambia, "baba akishuka barabarani mara moja tena, mara moja tu, geti litafungwa kila jioni. Yeye akae ndani, hao ndege wake waruke peke yao."

Mwanangu si mkali. Ni muuguzi, na amepokea watu wengi waliogongwa na magari, kwa hiyo alijua anachokisema. Nililisogeza tu kufuli mbali na sukari.

Baba yake, yaani mume wangu, mtaa mzima unamwita Afande. Alikuwa trafiki kwa miaka thelathini na moja, na mingi kati ya hiyo alisimama kwenye njia panda hii hii iliyo mbele ya nyumba yetu. Sasa kichwa kimemchoka. Asubuhi huniuliza kama ameshakunywa chai, na kikombe amekishika mkononi. Vifungo vya shati namfunga mimi. Lakini saa kumi na moja na nusu jioni, ndege wake, kwezi, wanaporudi kulala kwenye ghala kuukuu ng'ambo ya barabara, mgongo wake hunyooka na sauti yake hurudi. Nusu saa hiyo ndiyo iliyobaki ya mume wangu, na ndiyo iliyokuwa inataka kufungiwa kufuli.

Hao kwezi si wachache. Huja kutoka mashambani kumi kumi, kisha mia mia, mpaka anga lote linakuwa jeusi na kuanza kutembea. Hujikunja pamoja na kujikunjua pamoja, kama shuka kubwa inayokung'utwa na watu wawili. Ukidhani wataanguka, wanapanda. Shingo huniuma lakini siachi kutazama.

Afande yeye huwakaripia.

"Hawa watu hawana adabu," husema. "Hakuna taa, hakuna mstari, hakuna anayetoa ishara. Wote wanataka kupita wa kwanza." Kisha hunigeukia. "Konstebo, umeona mgongano wowote?"

"Sijaona, afande."

"Hata mimi sijaona. Andika."

Konstebo ni mimi. Nimeolewa naye miaka arobaini na mitatu, nimemzalia watoto wanne, lakini wakati wa ndege mimi ni konstebo. Sijawahi kuandika chochote. Najua tu kwamba jambo hilo linamkera. Yeye alikuwa na magari machache na bado yaligongana kila wiki, na hawa maelfu wanapita bila askari hata mmoja.

Zamani alikuwa akisimama kando ya barabara, kwenye kibaraza cha fundi wa matairi, anapuliza filimbi yake ya kazini na kunyoosha mkono juu. Hakushuka barabarani hata hatua moja. Madereva walimzoea. Yule wa gari la mikate alikuwa akipiga saluti kila akipita. Fundi alimwekea tairi kuukuu la kukalia akichoka, na hakuniambia kwamba ameliweka. Nililikuta tu limefutwa vumbi.

Kisha mwanamke anayeishi ghorofani kwetu akajifungua. Siku moja alishuka na mtoto begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Bibi, simlaumu mzee," alisema polepole. "Ila mtoto akishalala tu, filimbi."

Nilimwonea huruma. Jioni ile ile niliitoa filimbi kwenye mfuko wa shati la Afande nikaificha ndani ya kopo la vifungo. Alipoiulizia nikamwambia imepelekwa kutengenezwa.

"Kwa fundi gani?"

"Fundi wa filimbi."

Alinitazama kama alivyokuwa akitazama dereva anayesema leseni ameisahau nyumbani.

Kuanzia kesho yake ndipo alipoanza kushuka barabarani. Mimi sikuunganisha mambo hayo mawili, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilidhani ugonjwa umepiga hatua. Siku ya kwanza alishuka hatua nne. Baada ya siku chache alifika kwenye mstari mweupe. Jumamosi lori lilifunga breki mpaka likanuka mpira. Jumapili kufuli likaja.

Wiki hiyo nilijaribu kila kitu. Nilimpa kiti ndani ya geti, akakipita akatoka. Nilificha viatu vyake, akatoka na kandambili zangu, visigino vikiwa nje. Nilimsihi, nikamwambia pia maneno makali ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema nipeleke malalamiko kituoni.

Alhamisi mwanangu alikuwa anakuja kwetu akitoka kazini. Nikasema leo lazima Afande asalimike. Tulipofika kwenye kibaraza cha fundi nilifunga mkono wake na wangu kwa mtandio, fundo la mara mbili. Kwezi wakaja. Walikuwa wengi kuliko siku zote, wakashuka chini kabisa, wakawa wanapita katikati ya nguzo za umeme. Afande akautazama mkono wake, akaanza kulifungua lile fundo taratibu, kama unavyomfungulia mtoto kamba ya kiatu.

"Konstebo," akasema kumwambia fundi wa matairi, "msaidie huyu mama, amenaswa."

Fundi alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Tulipogeuka, fundo limefunguka na Afande alikuwa ameshafika katikati.

Lori la mabati lilikuwa linateremka. Gari la mikate lilikuwa mbele yake, na yule dereva, Mungu ambariki, alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alilisimamisha gari lake mshazari barabarani, akawasha taa za pembeni zote, akashuka na kwenda kusimama karibu na Afande. Lori likasimama nyuma ya gari hilo. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani.

"Mama, mtu wako mfungie ndani."

Hapo nilichoka kabisa. Nilichoka na lori, na ndege, na mume wangu.

"Toka barabarani, wewe mwanamume," nilimwambia kwa sauti. "Utaniua."

Afande hakugeuka. Mkono wake ulikuwa juu, kwezi wanazunguka juu yake.

"Nitatokaje?" alisema. "Filimbi mmeninyang'anya. Askari asiye na filimbi lazima aonekane."

Nilisimama pale pale. Ilikuwa kama mtu amenimwagia maji. Mzee mgonjwa alikuwa na sababu yake tangu siku ya kwanza, na aliyempeleka barabarani ni mimi.

"Nenda, mama," akasema dereva wa mikate. "Niko naye."

Nilikimbia kama miaka yangu sitini na tisa inavyoruhusu. Kopo liligoma kufunguka, nikaligonga ukingoni mwa meza, vifungo vikatawanyika jikoni nzima. Nilirudi nikapuliza, yakatoka mate tu. Nikapuliza tena, ndefu.

Afande akashusha mkono. Akageuka, akatembea mwenyewe mpaka kibarazani, akasimama wima karibu yangu. Kwake, filimbi ikilia kila mtu hutii, hata yeye.

"Imetengenezwa?"

"Imetengenezwa."

Huko ghorofani mtoto alianza kulia. Na kwenye kona, mkoba begani, alikuwa amesimama mwanangu, ameona yote.

Usiku huo hatukuelewana. Nilimweleza habari ya kopo, akainama akaanza kuokota vifungo, na bado akasema, "Mama, hilo halitoshi." Nikamwambia najua. Mwishowe alikubali hivi: filimbi ikae shingoni mwangu, mimi nisimame na baba yake kila jioni, na akikanyaga lami tena, basi. Ufunguo aliutundika ukutani na kamba yake nyekundu, mahali ninapouona nikipika.

Asubuhi nilipanda ghorofani kuomba radhi. Yule mama alisema nusu saa hiyo atakuwa anamtoa mtoto matembezi. Amekuwa akifanya hivyo. Akipita kibarazani husimama, na mtoto hutazama juu.

Sitasema mambo ni mazuri. Kupuliza kunanimaliza pumzi, miguu inavimba, na Afande bado anauliza ni nani anayewaongoza wale ndege na kwa nini hajajitambulisha. Jana waligeuka ghafla upande wa mashambani, akaniamuru nipulize, mimi nikawa nimepumbaa kuwatazama. Nilipopuliza walikuwa wameshapita.

Alinikazia macho. Kisha akanishusha cheo. Sikujua kama chini ya konstebo kuna kitu, lakini kipo. Sasa mimi ni kuruta.