Anwani Namba Kumi na Moja

Jumamosi, saa nne kasoro kumi asubuhi, Veneranda alikuwa uani kwake Mlandege, Iringa, akifua nguo za mtoto kwenye beseni. Umeme ulikatika kwa dakika moja hivi, ukarudi. Uliporudi, Veneranda hakuwapo. Mama yake, Bibi Juliana, aliyekuwa amembeba mjukuu mgongoni, alilitazama beseni, akaona povu bado lipo, akamalizia kufua mwenyewe. Nguo zilikuwa kumi na mbili.

Muda huohuo, zaidi ya kilomita mia mbili kutoka hapo, kijana aitwaye Saulo alitokea sebuleni kwake Igawa na kumwuliza mkewe, Marta, kama kuna chochote cha kula. Marta alimpa kiporo cha wali. Saulo alikuwa hajaonekana tangu Jumapili.

Veneranda na Saulo walikuwa hawajawahi kukutana. Wote wawili walikuwa kwenye kikundi cha watumiaji wa Linux cha Mbeya na Iringa, watu wanaojitolea kufundishana kompyuta bila kulipwa hata nauli. Mashine ya Veneranda ilihifadhi mitihani ya zamani kwa ajili ya shule za sekondari, na ya Saulo ilitoa bei za mpunga na zamu za maji ya mfereji. Ili mashine ionekane mtandaoni ilihitaji anwani, na anwani za kikundi zilikuwa chache: kumi na sita, msaada wa kampuni moja ya intaneti. Tatu zililiwa na mtandao wenyewe. Zikabaki kumi na tatu, kuanzia namba mbili hadi namba kumi na nne.

Ugawaji ulikuwa wa kienyeji. Katibu wa Mbeya, Tupokigwe, alikuwa na daftari lake na aligawa kwa kupanda, kuanzia mbili. Katibu wa Iringa naye alikuwa na lake, akagawa kwa kushuka, kuanzia kumi na nne. Walisema watakutana katikati. Ila katikati Mwenyekiti Kalinga alishaweka nne pembeni, saba hadi kumi, kwa ajili ya Kituo cha Mafunzo. Kituo chenyewe kilikuwa kibao na nyasi huko Makambako. Kwa hiyo Ijumaa moja Tupokigwe alifika sita, akaziruka zile nne, akampa Saulo kumi na moja. Ijumaa hiyohiyo Iringa ilishuka kutoka kumi na mbili, ikampa Veneranda kumi na moja.

Mtu akishapewa anwani na kuunganisha mashine yake, hawezi tena kuwapo bila anwani hiyo. Wanachama walilijua hilo. Na anwani moja haibebi wawili: aliyetangulia kuwaka ndiye anayekaa, mpaka azime au umeme umkate. Mwingine hayupo. Haumii wala haoti ndoto. Akirudi hujikuta palepale alipokuwa, na siku zimepita.

Veneranda alirudi Jumatatu, umeme ulipokatika Igawa. Mtoto wake, Blessing, alikuwa na miezi minane, na kwa siku mbili alikuwa amekataa chupa, amekataa kikombe, amekubali vijiko vitano tu vya uji. Veneranda alikaa chini hapohapo uani, akamnyonyesha. Alilia, kisha akachukua simu, akamwandikia Saulo kwenye kundi la WhatsApp.

Walipanga ratiba, mmoja akiandika siku yake na mwingine akijibu siku yake. Veneranda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Saulo Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili wapokezane, kwa kuwa wote ni watu wa kanisani. Mwenye siku akiimaliza, anazima mashine, na wa nyumbani kwake anaiwasha tena ingoje zamu. Shuleni anakofundisha, Mkuu alimpunguzia Veneranda vipindi na kumwambia asihofu, wapo walimu wasiofika kabisa.

Siku moja ya Ijumaa, Veneranda alipanda basi hadi Makambako, wanakokutania viongozi kwa kuwa ni njia panda. Mwenyekiti Kalinga alikuwa amevaa suti ya kaki na kalamu tatu mfukoni. Ni mtu aliyestaafu kazi ila hakustaafu ukubwa.

"Ibara ya tisa," alisema. "Mgogoro wa anwani utasikilizwa pande zote mbili zikiwapo. Mwenzako yuko wapi?"

"Mimi nikiwapo yeye hawezi kuwapo, Mwenyekiti. Ndio mgogoro wenyewe."

"Basi siku akiwapo, mje wote."

Tupokigwe aliinua mkono. "Mwenyekiti, si tumpe mmoja wao ile namba saba? Mbona zile nne zimekaa tu?"

"Zile zina wenyewe."

"Wako wapi hao wenyewe?"

"Watakuja," alisema Kalinga, akafunga kikao. Saulo naye alikwenda Alhamisi iliyofuata, akaulizwa mwenzake yuko wapi.

Hali iliendelea hivyo mpaka mwisho wa Januari, na watu waliizoea. Majirani wa Mlandege walibisha hodi wakiuliza, "Leo yupo?" wakiambiwa hayupo wakaacha mchicha wao mlangoni. Aliyeshindwa kuizoea ni Blessing. Alikonda, shingo ikawa nyembamba, na Jumanne moja asubuhi alianza kuhema kwa shida. Bibi Juliana alimkimbiza hospitali. Daktari alisema ni nimonia, na kwamba mtoto lazima anyonye.

Saulo alikuwa shambani. Ilikuwa zamu yake ya maji, ya kwanza baada ya siku kumi na nne, na miche yake ilikuwa imeanza kuwa ya njano. Kwenye mfereji ule, mwenye zamu asipokuwapo kwenye tuta, maji huchukuliwa na wa jirani. Simu ya Bibi Juliana iliingia saa sita mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto kabanwa kifua. Anakataa kila kitu. Namwomba mama yake."

Saulo aliyatazama maji. Yalikuwa yamefika nusu ya jaruba la kwanza.

"Mama, nipe saa mbili tu, yaingie na huku chini."

"Mwanangu, sijui kama tunazo."

Saulo alimpigia mkewe nyumbani. "Marta, zima mashine."

"Na maji?"

"Zima tu."

Jembe lilianguka kwenye tuta. Jirani alisubiri kidogo kwa heshima, kisha akageuza maji kwake.

Veneranda alifika wodini akiwa na ndala za rangi mbili. Blessing alinyonya, akalala, akaamka akanyonya tena. Alhamisi Bibi Juliana alisema, "Leo siku ya yule kijana."

"Najua, mama."

Hakuzima. Hakuzima Jumamosi pia. Waliporuhusiwa kurudi nyumbani alijiambia atazima Jumanne, na Jumanne Blessing alikohoa mara mbili. Veneranda aliona aibu, aibu kali ya kumfanya asile, lakini hofu iliizidi. Alihesabu mara ngapi umeme hukatika Mlandege kwa wiki, akaenda kununua betri kubwa la gari, akaiunganisha mashine yake nalo.

Kule Igawa, Marta aliiacha mashine ya Saulo ikiwaka kutwa, ikisubiri umeme wa Mlandege ukatike. Mpunga ulikauka. Kila Jumapili alituma ujumbe wa sauti: "Dada, hata saa mbili tu, aje aone watu." Veneranda aliusikiliza kila ujumbe mpaka mwisho. Hakujibu hata mmoja.

Mwezi Mei kulikuwa na mkutano mkuu Makambako. Veneranda alikwenda akiwa amepanga kusema, na kweli alisema. Alisimama.

"Mwenyekiti, Saulo wa Igawa hana anwani. Nimemkalia mimi. Naomba apewe namba saba, leo hii."

"Saulo amelalamika?"

"Hawezi kulalamika. Hayupo."

"Basi hana malalamiko," alisema Kalinga, bila ubaya wowote usoni. "Namba kumi na moja ina mtumiaji mmoja. Katibu, andika: mgogoro umekwisha kwa maelewano."

Watu walipiga makofi. Tupokigwe hakupiga, lakini aliandika. Zile nne zilithibitishwa kuendelea kutunzwa kwa ajili ya Kituo. Karatasi ya maelewano ilipomfikia Veneranda aliikuta na nafasi moja tu ya sahihi. Alifikiria basi la saa nane, na mtoto aliyemwacha na bibi tangu alfajiri. Akasaini.

Jioni, akiwa ameshamnyonyesha Blessing, simu iliita. Ilikuwa ya Igawa. Safari hii aliipokea.

"Dada, kamwene," alisema Marta, akijitahidi salamu ya Kihehe. "Nimesikia leo mlikuwa na mkutano."

"Ndiyo."

"Wamesemaje?"

"Wamesema mgogoro umekwisha."

Nyuma ya Marta ilisikika feni ya mashine ya Saulo ikizunguka.

"Haya, tunashukuru," alisema Marta. "Na Blessing, hajambo?"

"Hajambo," alijibu Veneranda. "Ameanza kusimama."