Kikombe Kimoja Kila Saa

Emiliana alisawazisha chumvi kwenye kijiko kwa ncha ya kisu, akaimimina ndani ya chupa ya maji, akahesabu vijiko sita vya sukari, akafunga chupa na kuitikisa. Akaiinua juani kuangalia kama kuna punje iliyobaki. Haikuwapo. Akaitikisa tena.

"Unatafuta siagi humo?" aliuliza Obadia, mdogo wa mumewe, aliyekuwa ameegemea nguzo ya zizi. "Mpe basi, shemeji."

Mtoto wa punda alikuwa amelala ubavu juu ya gunia. Ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu azaliwe na ya tatu tangu aanze kuhara. Emiliana alipiga magoti, akamtia kidole mdomoni, akasubiri. Ulimi ulijikunja kwa unyonge, ukavuta. Hakuwahi kumpa mnyama mchanga chochote kabla ya kufanya hivyo, kwa sababu asiyeweza kunyonya kidole hawezi kumeza vizuri, na maji yataingia mapafuni. Alijifunza hilo kwa ndama mmoja zamani, na ndama yule hakupona.

Alimwekea chuchu ya chupa. Yule mdogo alinyonya kwa pupa mpaka chupa ikabonyea. Ilipoisha, aligeuza kichwa kuelekea ndoo, akaendelea kunyonya hewa.

Emiliana akamfinya ngozi ya shingo na kuiachia. Mkunjo ulibaki umesimama kama wa nguo iliyokauka vibaya. Ufizi ulinata kwenye kidole. Tangu jana mchana alikuwa amekunywa chupa sita, na kuhara kulikuwa kumepungua, lakini kila chupa ilimwacha na kiu kuliko ile ya kabla yake. Jana alikuwa akiweka nusu kijiko cha chumvi. Alipoona hapati nafuu, akaongeza hadi kijiko kizima.

Alisimama, akazunguka zizi, akarudi pale pale. Upande wa pili wa fito mama yake punda alikuwa akikwaruza ardhi kwa kwato. Walimtenga na mwanawe tangu jana asubuhi, baada ya Obadia kusema maziwa ndiyo yanayoharisha.

Hapo Kinyangiri punda walikuwa wamekuwa adimu. Wanunuzi walipita miaka ya nyuma wakitoa bei nzuri, na karibu kila nyumba ya kitongoji kile iliuza. Emiliana alikataa kuuza jike lake. Alisema litazaa, watu wakamcheka. Lilizaa mwaka jana, mtoto akafa kwa kuhara akiwa na wiki mbili. Huyu alikuwa wa pili, na jike lilishazeeka. Pengine lisingezaa tena. Bila huyu, baada ya miaka michache maji yangerudi kichwani kwake, ndoo baada ya ndoo kutoka kwenye pampu, mwendo wa saa nzima.

"Hodi humu! Au mmehamia zizini wote?"

Alikuwa Klara, dada wa mumewe, ametoka Kinampanda kwa bodaboda, mkononi ana dumu la lita kumi. Kila alipokuja alikuja na maji yake ya kunywa. Nyumba nzima waliita maringo, ingawa hakuna aliyewahi kumwambia usoni.

"Karibu wifi. Za safari?"

"Safari nzuri, ni vumbi tu. Kaka yangu yuko wapi?"

"Yuko Wembere na ng'ombe. Huku nyasi zimekwisha."

"Na huyu ana nini?" Klara aliinama, akaokota chupa tupu iliyokuwa imebaki na matone. Alikuwa mtu wa kuonja kila kitu, hata mboga kwenye sufuria isiyo yake. Akadondoshea ulimi, akatema. "Toba! Hii ni dawa au ni ya kuchemshia muhogo?"

"Ni kijiko kimoja tu cha chumvi kwa lita."

"Kimoja? Wifi, hapa kuna zaidi ya kimoja."

"Nimesawazisha kwa kisu."

Obadia alicheka. "Muulize vizuri. Huyu hata ugali anaupima kwa rula."

Emiliana hakucheka. Alichota maji matupu kwenye ndoo, akanywa. Yalikuwa maji. Akampa Klara, naye akakunja uso.

"Nimewaambia miaka yote, maji yenu yana chumvi. Chai yenu ina chumvi. Mnaniona naringa."

"Mimi sisikii kitu."

"Utasikiaje, umeyazoea. Na safari hii yamezidi."

Emiliana alitafakari. Tangu kisima cha juu kikauke mwezi wa saba, wote walikuwa wakichota kwenye pampu ya chini, na kadiri kiangazi kilivyoendelea pampu ilizidi kuwa nzito. Huenda maji yalibadilika kidogo kidogo, na ulimi wao ukabadilika nayo. Huenda pia Klara alitia chumvi kwenye maneno, kama kawaida yake. Hakutaka kuamua kwa kusikia tu.

Akaingia jikoni, akatoka na mifuniko miwili ya sufuria. Kwenye mmoja akamimina vijiko kumi vya maji ya ndoo, kwenye mwingine vijiko kumi vya maji ya dumu la Klara. Akaiweka yote juu ya mafiga, kwenye moto mdogo, akachuchumaa mbele yake.

"Punda anakufa, na wewe unapika maji," alisema Obadia.

"Ngoja, shemeji."

Kungoja kulimshinda yeye mwenyewe. Alichochea moto, akaupunguza, akaenda kumtazama mtoto wa punda, akarudi. Maji yalichemka, yakapungua, yakakauka. Aliipua mifuniko kwa kitambaa na kuiweka chini, mmoja kando ya mwingine. Wa Klara ulibaki na doa hafifu. Wa kwao ulikuwa na ukoko mweupe kuzunguka ukingo. Akaukwangua kwa ukucha, akauonja. Safari hii aliisikia.

Obadia aliacha nguzo, akaja kuchungulia.

Emiliana alichukua simu, akampigia Samweli, bwana mifugo.

"Shikamoo mama Winfrida."

"Marahaba. Mwanangu, nimekosea."

Alimweleza kwa mpangilio: siku, chupa, vijiko, maji ya pampu, ukoko kwenye mfuniko. Samweli alimwacha amalize.

"Anatetemeka?"

"Masikio yanachezacheza. Na mguu mmoja wa nyuma."

"Chumvi imemzidi mwilini, mama. Ndiyo maana kiu haishi. Maziwa anapata?"

"Tulimtenga na mama yake."

"Nani kawaambia?"

Emiliana alimwona Obadia akitazama mawingu, na mawingu hayakuwepo. "Tulimtenga," alisema. "Jana asubuhi."

"Mrudishieni maziwa leo hii. Kama hawezi kusimama, mkamueni mama yake mumpe kwa chupa."

"Na maji? Nina maji matamu hapa. Nimpe mpaka atosheke?"

"Hapana!" Sauti ya kijana ilipanda, kisha ikashuka. "Samahani mama. Ukimpa maji mengi kwa mkupuo, ubongo utavimba, ataanza degedege, na hapo hutaweza kumrudisha. Mshushe polepole. Kikombe kimoja kila saa, kile cha chai. Akililia, mwache alie. Mimi niko kwenye chanjo hadi jioni na sina usafiri. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa hapo na dripu, na hiyo nayo tutaiendesha taratibu."

Walianza na maziwa. Jike lile halikuwahi kukamuliwa maishani mwake. Emiliana alipoweka mkono chini ya tumbo, lilirusha teke likamkosa, likapata kofia ya Obadia.

"Mshike masikio!"

"Nimeyashika, shemeji, ni yeye asiyejishika!"

"Wifi," Klara alisema akiwa mbali salama, "nikirudi Kinampanda niseme huku chai mnaitilia maziwa gani?"

Walipata robo tatu ya kikombe. Mtoto wa punda aliyanyonya yote. Saa saba kamili Emiliana akampa kikombe cha maji ya Klara. Kikaisha kwa mikupuo minne. Yule mdogo akainua shingo, akakilamba kikombe, akalamba vidole vya Emiliana, akalamba mkono mpaka kwenye kiwiko.

Emiliana akaondoka.

Alikwenda nyuma ya nyumba, akapanga kuni zilizokuwa zimepangwa. Akarudi, akaangalia saa ya simu. Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja.

Saa nane, kikombe. Maziwa kidogo. Saa tisa, kikombe. Katikati ya hapo Obadia alishindwa kuvumilia.

"Huu sasa ni ukatili. Maji yapo, mnyama ana kiu, na sisi tumekaa tunatazama simu. Muongeze hata kimoja."

Mkono wa Emiliana ulikuwa umeshagusa dumu. Hakujua uligusa saa ngapi. Akautoa, akauweka chini ya khanga.

"Wa mwaka jana alikufa mdomo ukiwa ndani ya ndoo," alisema. "Mnakumbuka? Niliona anakunywa vile nikafurahi."

Klara alikaa kwenye kigoda kando yake. "Naye ulimpa hii ya chumvi?"

"Hii hii. Siku nne. Siku ya mwisho nikasema maskini, mwache anywe anavyotaka."

Mtoto wa punda alinyonya hewa, taratibu, kwa sauti ya midomo mikavu.

"Nani angejua?" Klara alisema hatimaye.

"Wewe ulijua. Ulikuwa unasema kila ulipokuja."

"Mimi nilikuwa nalalamikia chai, wifi. Usinipe cheo."

Saa kumi, kikombe. Saa kumi na moja, kikombe. Mguu wa nyuma ulikuwa bado unarukaruka, ila kwa nafasi kubwa zaidi, au ndivyo alivyotaka kuona. Alimfinya ngozi ya shingo. Ilirudi, kwa uvivu. Akajizuia kuifinya mara ya pili, kwa maana ya pili ingemdanganya kwa upande wowote alioutaka.

Jua lilipokuwa limeinama, mkojo ulitoka. Ulikuwa kidogo na mzito, rangi ya chai ya rangi. Obadia aliutangaza kama vile ni yeye aliyekojoa. Kisha, bila kuombwa, akamuuliza Klara kisima chao huko Kinampanda kiko upande gani wa kanisa, maana dumu lisingefika kesho mchana. Alisema ataondoka alfajiri kwa baiskeli.

"Na baiskeli utafika mwakani," alisema Klara. "Nitampigia kijana wa bodaboda."

Mtoto wa punda alinyoosha miguu ya mbele. Akakusanya kifua, akainuka nusu, akatetemeka, akaanguka tena juu ya gunia. Emiliana alikuwa ameshasimama kumdaka. Alibaki hivyo, mikono mbele, kisha akaketi.

"Tumsimamishe?" aliuliza Obadia.

"Kesho, akiwepo Samweli. Tutapitisha gunia chini ya tumbo tumwinue watatu." Akatazama simu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. "Wifi, wewe utashika zamu ya saa tatu na saa nne. Mimi hizo nyingine."

"Na akililia?"

"Atalia. Usimpe."

Yule mdogo alikuwa amegeuza kichwa, anamtazama, ulimi nje. Emiliana alimtia kidole mdomoni. Kilivutwa kwa nguvu kuliko asubuhi. Alikiacha humo, kikavu, akaanza kuhesabu dakika.