Nukta Nyekundu Nyuma ya Kompyuta

Cheti hakuwa nacho. Gari hakuwa nalo, wala duka lenye mlango wa kioo, wala mtoto wa kumwita baba. Nywele nazo zilimkimbia mapema. Lakini Fundi alikuwa na dada yake, mchora ramani za nyumba, ambaye kila alipotengenezewa kompyuta alisema, "Kaka, bila wewe ningekuwa wapi?" Fundi alitembea na neno hilo barabarani kama mtu aliyevaa koti jipya.

Ndiyo maana kifurushi kilimchoma. Kilitoka kwa mdogo wao wa mwisho, waliyemwita Injinia, aliyefanya kazi mji wa mbali. Ndani mlikuwa na kadi ya picha, kile kifaa cha kuchomeka ndani ya kompyuta ili michoro iende kasi, nene kama tofali, yenye feni mbili.

"Ona mdogo wako alivyonikumbuka!" dada alisema. "Na jioni mteja anakuja. Anataka kuiona nyumba yake ikizunguka kwenye skrini, la sivyo kazi anampa mwingine. Mashine hii unaijua: nikizungusha ukuta mmoja naenda kufua, narudi, bado iko njiani."

"Ungeniambia mimi."

"Nilikuambia mwaka jana, kaka. Ukasema nivute subira."

Fundi alifungua kasha la kompyuta, akaichomeka kadi, akakaza skrubu. Kisha akapapasa nyuma bila kuangalia. Kila kompyuta iliyopita mikononi mwake aliitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, kando ya tundu la skrini, ili wateja wasikosee. Kidole kiliigusa nukta. Akachomeka waya papo hapo. Alipowasha, feni zikavuma. Skrini ikabaki nyeusi tii.

Furaha ilimpanda ghafla, hata akakunja uso kuificha.

"Kadi mbovu," alisema.

Dada akampigia Injinia, akampa Fundi simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, bwana mkubwa. Zawadi yako imefika maiti."

"Feni zinazunguka?"

"Zinazunguka."

"Waya wa skrini uko kwenye kadi, au kwenye tundu la zamani?"

"Unanifundisha kazi? Nilishika bisibisi wewe ukiwa mgongoni mwa mama! Uko kwenye kadi."

"Basi samahani, kaka. Duka linabadilisha, ila linataka barua ya fundi yenye muhuri. Iandike, uitume, nami nitawaonyesha."

Fundi alimrudishia dada simu, akainama kuchungulia. Waya ulikuwa kwenye tundu la zamani, kando ya nukta yake mwenyewe. Matundu ya kadi yalikuwa chini yake, matupu. Kazi iliyobaki ni kuuhamisha waya tu. Akaushika.

Kutoka ukumbini alimsikia dada akicheka na simu. "Usijali, mdogo wangu. Hata kama imekufa, wewe ndiye unayejua kunisitiri. Wengine hapa ni maneno tu."

Mkono ukaachia waya.

Akaichomoa kadi. Skrini ikawaka kwa uwezo wake wa zamani, na mteja alipofika, nyumba yake iligeuka robo, ikaganda. Dada aliongea juu ya madirisha, juu ya upepo, juu ya chochote. Mteja alitazama saa, akashukuru kwa adabu, akaondoka na karatasi za kiwanja chake kwapani.

Dada alizima skrini. "Haya," alisema. "Andika hiyo barua. Huenda nyingine ikawahi kazi ijayo."

Fundi aliandika kwa herufi zake nzuri, zilizolala upande mmoja: *Nimeipima kadi hii kwa mikono yangu. Haitoi picha.* Akasita. Kisha akaongeza: *Aina hii haipatani na mashine ya dada. Usitume nyingine.* Akagonga muhuri.

Dada akaisoma. "Hata nyingine haifai?"

"Haifai."

"Wewe ndiye unayejua." Akaikunja, akapaka gundi kwenye bahasha, akaikandamiza kwa dole gumba. "Pumzika, kaka. Umehangaika mchana kutwa kwa ajili yangu. Nitaipeleka mwenyewe."

Midomo ya Fundi ilifunguka.

"Njiani kuna matope," alisema. "Vaa viatu vya mvua."

Akavivaa, akaenda. Kabla posta haijafungwa, bahasha ilikuwa imeshatumbukia kwenye gunia la kwenda mji wa mbali.