Jina la Kupumulia

…sasa huyu naye, simu ameiegemeza kwenye bakuli la vitunguu saumu, kijitaa chekundu kinanikodolea, haya Bibi, eleza unavyosali kimyakimya, kana kwamba sala ni uji, useme unga kiasi gani, nimemwambia nina kazi, haya maganda hayajimenyi yenyewe, mjukuu wangu anacheka tu, chuoni kwao wanasoma habari za Wakristo wa karne za mwanzo, wazee waliokimbilia jangwani wakaishi mapangoni na jina moja la kuvuta na kutoa na pumzi, "kama wewe, Bibi, ukivuta Yesu, ukitoa nihurumie, nani alikufundisha?" nilikuwa dobi wa masista, mwanangu, sista mmoja mzee alipita uani akanikuta nasugua shuka huku nalaani, akasema weka jina penye tusi, nikaweka, mkono kwenda Yesu, mkono kurudi nihurumie, hata mdomo ukachoka, jina likabaki linajiendesha lenyewe kifuani, hilo namwambia, linamtosha, lile jingine… "Na Waislamu wana dhikri, Bibi, ulijua?" Nisijue! nimezeeka ukuta mmoja na fundi cherehani, mguu kwenye pedali, jina la Mungu linapanda na kushuka na sindano, tulikuwa tukitaniana nani atamfikia Mungu kwanza, "Mimi nina mashine, shoga, wewe una beseni, utanikuta nimeshakaa," na huyu mtoto anasema hata Wahindu na Wabudha wamo, macho wamefumba, pumzi wameituliza, wote wanadai ukifika ndani kabisa hakuna tena mimi, "ni kweli, Bibi? Uliwahi kufika?" Nilifika, juzi juzi hapa, chumba cha nyuma, uso ukutani, jina lenyewe likanyamaza, sikuwa na magoti wala umri, kama mtu aliyetuliwa mzigo asiojua kuwa ameubeba, na katikati ya utulivu ule sauti ya wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mgonjwa wa chumba cha pili, wifi… maji, wifi… na nilisikia, nisijidanganye, nilisikia wazi kama ninavyosikia kisu hiki, nikasema moyoni ngoja, mimi nimemngoja Mungu toka usichana, wewe ngoja maji, tena nikakumbuka, si ndiye aliyesema harusini kwangu kaka yake kaoa beseni? nikabaki, basi, kukawa kutamu, halafu jagi, kainuka mwenyewe kuyafuata, halafu kishindo, nyonga yake imevunjika. Mama, hukusikia? aliuliza mwanangu, kabla sijafungua mdomo mkewe akanijibia, mama akiwa kwenye sala hasikii kitu, nikakubali kwa kunyamaza, sasa wananipisha mlangoni kwa heshima, na wifi mwenyewe, "Mwacheni, mimi nani nishindane na Mungu," akanitazama, akageukia ukutani, bora angenitukana, matusi yake nimeyazoea… fundi ndiye nusura nimwambie, nikazungukazunguka, eti shoga, mgonjwa akikuita uko kwenye dhikri? hata macho hakuinua, "Naweka tasbihi chini, Mungu hakimbii." "…na wale wa jangwani, Bibi, mgeni akibisha hodi waliacha sala wakafungua, walisema aliye mlangoni ndiye Yeye mwenyewe, Bibi? mbona kisu kimesimama?" Namenya hiki kitunguu, kimegoma, nyamaza kidogo wewe, Yeye mwenyewe, basi aliyekuwa akiomba maji ni nani, na mimi mle ndani nilikumbatia nini, uvivu wangu, kinyongo cha harusi, nikakiita Mungu… "Basi usieleze, sali tu kidogo, nirekodi pumzi yako." Tangu siku ile sijathubutu, lakini nikikataa ataniuliza kwa nini, nafumba macho, navuta, na pale lilipokuwa likisimama Yesu linasimama wifi, natoa, maji, navuta tena kwa nguvu, wifi, natoa, maji, jina nililolisugua kwenye shuka za watu mpaka likawa langu limechukuliwa lote, halikubaki hata povu, nafumbua, kijitaa bado kinanikodolea, kitunguu bado kiko mkononi, "Safi sana, Bibi," ananong'ona mtoto, "endelea hivyo hivyo," nami navuta, wifi…