Hodi ya Tatu

…na kitu cha mwisho cha kawaida kutokea nyumbani kwake kilikuwa hodi ya muuza gesi, hodi ya kila mara, ya mtu aliyebeba mtungi begani na asiye na mkono wa kugongea mlango, mkewe akaitika kutoka jikoni, karibu, haujafungwa, naye mwenyewe hakuinua hata kichwa pale mezani alipokuwa akisahihisha taratibu za kuwahamisha kwa staha watu waishio kando ya barabara, ainue kwa nini, wa kuitika si alikuwapo, muuza gesi akapita kuelekea jikoni, na kabla mtungi haujagusa sakafu sauti yake ikabadilika, mzee, njoo, njoo umwone mama… na sasa miezi imepita, jua limeanza kulala upande, amesimama kwenye hifadhi ya barabara mbele ya kibanda cha turubai la bluu, ameshapiga hodi mbili, ya tatu iko kooni na haitoki. Hodi, alisema ya kwanza, akasubiri. Hodi, akasema ya pili kwa sauti ya juu kidogo, lori likapita likaimeza, akasubiri tena, turubai likapumua kwa upepo wa lori, likatulia. Huku na huku vibanda vingine vyote vimeshaondoka, zimebaki alama zake tu ardhini, miraba ya udongo uliofagiliwa, maana hata asiye na ukuta hufagia, alama ya mlango hapa, alama ya jiko pale, kama nyumba zilizochorwa na mtoto, na wenyewe wamepelekwa kwenye nyumba za muda nyuma ya bohari la zamani, kwa basi, si kwa lori, hilo nalo alilipigania, mtu habebwi kama mchanga, na kila mzigo umebandikwa kibandiko chenye jina la mwenyewe, na hakuna kilichoitwa taka mpaka mwenyewe akiite taka. Na hodi. Hodi ndiyo waliyoicheka kikaoni, hakuna kibanda kitakachoguswa kabla mwenyewe hajapigiwa hodi na kukaribisha, mhasibu akashika mbavu, hodi kwenye turubai, utagonga wapi sasa bwana, hewani? na kikao kizima kikaangua kicheko, yeye akacheka nao kidogo, halafu akaiandika vilevile, kwa sababu alijua alikoitoa, aliitoa mlangoni kwake, ambako kila jioni alikuwa akipiga hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe na mkewe akiitika kutoka ndani, karibu mpangaji, vua viatu, mwenye nyumba amepiga deki, mpangaji, ndivyo alivyomwita, kwa kuwa anakuja kulala tu na asubuhi hayupo… Mzee, piga hiyo ya tatu twende, jua linatuacha, dereva wa tingatinga anapaza sauti kutoka juu kwenye kiti chake, injini inanguruma bure, na mama muuza chai, aliyehamishwa tangu asubuhi lakini amerudi kufuata mawe yake ya jiko, eti hayo mawe yameshamzoea, anamjibu yeye badala ya mzee, nawe tulia huko juu, hilo dude lako linakula udongo kutwa na halishibi, na dereva anasema, lingeshiba ungelipikia wewe, mama, na mama anasema, mimi sipikii kisichosema asante, na wote wawili wanacheka, na kicheko kinapita juu ya turubai la bluu na hakuna kinachojibu. Kandambili zimepangwa nje, jozi mbili. Ya kiume imekaa kombo, moja imelalia nyingine. Ya kike imekaa sawa, mkanda wa kushoto umeshonwa kwa waya mwembamba, kazi ya mkono wenye subira, vidole vimeelekea ndani, vumbi limeikalia juu, vumbi laini la siku nyingi ambalo halijaguswa na unyayo, na nani aachaye viatu vya aliyekufa mlangoni, dada yake mwenyewe aliuliza hivyo hivyo wiki ile baada ya mazishi, kaka, viatu vya marehemu haviwekwi mlangoni, watu wanadhani yupo, naye akaviacha palepale kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa ndilo hilo. Yumo, baba, mama muuza chai anasema sasa, amesogea karibu, jiwe la jiko kifuani kama mtoto mchanga, sauti ameishusha, yumo, ila hataitika, hajaitikia mtu tangu tulipomzika mwenzake, kwani hapa siku zote wa kuitika alikuwa yule mke, huyu mume ni bubu wa kujitakia, mke ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba, ukipiga hodi utasikia karibu, karibu, hata kama hawana pa kukukalisha, sasa huyu aitike nini? Aitike nini. Anaiona kazi yake mwenyewe sasa, ule mkia wa kanuni aliouandika asubuhi ileile ya muuza gesi, karibu na kikombe kilichopoa, hodi tatu zisipojibiwa kibanda kihesabiwe mahame na kiondolewe, na aliuona ni wa haki, alijisifu hata, kwa kuwa hodi tatu ndio ustaarabu wetu, mtu anajifunza kabla ya kujua kusoma, hodi tatu, usipojibiwa… usipojibiwa urudi ulikotoka. Urudi. Ustaarabu unasema urudi, bila kinyongo, mwenyewe ana lake, utakuja siku nyingine, na yeye, msomi, mtu wa kupima maneno, alichukua nusu ya ustaarabu na kuishonea nusu ya tingatinga. Maana hata kwake wanapiga. Walikuwa wakipiga. Shemeji yake alikuja na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, hodi, akasikia wazi kabisa, ameketi sebuleni kwenye kiti anachokilalia siku hizi, chumbani kitanda ni kipana mno, hodi, hakukataa, hakuna aliyemwambia akatae, mdomo ulifunguka na nyumba nzima ikanyamaza kungoja ile sauti nyingine, ya jikoni, na yake ikaona haya kutangulia, hodi jamani, ya tatu, kisha bakuli likawekwa kwenye ngazi, tok, na nyayo zikaenda zake, na jirani naye vivyo hivyo, na muuza gesi, maskini, ambaye siku hizi anapita mbali kama nyumba ile inauma, mpaka hodi zenyewe zikaisha mtaani kwake, na kwa kanuni zake mwenyewe nyumba ile ni mahame, njooni na chuma chenu mwondoe kila kitu, mpangaji hayumo… Simu inatetemeka mfukoni. Umefikia ngapi, mkuu wake anauliza, mama mwema, mwenye mikutano mingi kuliko saa. Mbili, anasema. Basi ya tatu ni pumzi moja tu ndugu yangu, mkandarasi anaanza kuchimba mtaro, na chumba chake kule kipo, kina kitasa na dirisha, kitanda cha watu wawili maana walipoandikishwa walikuwa wawili, hatumtupi mtu, si ndiyo? Ndiyo, anasema, na anakiona kile kitanda, kimetandikwa na mtu mwenye nia njema, mito miwili sambamba, na yule bwana wa kibandani akisimama mlangoni pake. Yumo, anasema. Ameitika? Hajaitika. Sasa umejuaje kama yumo? Anatazama kandambili. Kwenye turubai, chini, panapokutana na udongo, kuna uvimbe mdogo ambao upepo wa malori hauutikisi, mgongo wa mtu, mtu ameketi ndani ameegemea kitambaa kitupu, karibu kiasi kwamba angeinama angeugusa, mtu anasikia kila kitu, amesikia mbili na anangoja ya tatu kama unavyongojwa uamuzi wa daktari, anajua, siku zote wanajua. Nimejua tu, anasema, na mkuu, pengine amekumbuka anazungumza na nani, anasema taratibu, kesho asubuhi basi, lakini kesho tingatinga litakuwa hapo na mkandarasi naye, sitakuwa na neno lingine. Sawa. Anarudisha simu mfukoni. Lori linapita, turubai linapumua, uvimbe uko palepale, kandambili ziko palepale, dereva anaimba chini kwa chini, na ya tatu bado iko kooni, ila sasa haijakwama, ameishikilia mwenyewe, ameikunja kama mtu akunjavyo karatasi yenye deni la mwingine, hataitoa, kuna salamu inayotaka kuingia ndani na kuna salamu isiyotaka kitu, vipi mtu akae na lugha miaka yote hii asilione, hodi inamtaka mwenye nyumba, inamtaka mwenye mlango na uso wa kutokea nao, na huyu hana, na yeye hana, lakini iko salamu nyingine ndogo, ya ukutani, ya majirani, mkewe alikuwa akiirusha juu ya ua kila siku huku akianika nguo na kuitikiwa bila yeyote kumwona mwenzake.

Asubuhi alitangulia kabla ya mkandarasi. Tingatinga lilikuwa limeshafika, linapasha injini, akampungia dereva mkono azime, na dereva akazima bila mzaha. Hakusimama mbele ya kandambili. Alizunguka ubavuni, akaketi chini kwenye umande na suruali yake ya kazi, mgongo wake ukakutana na ule mgongo mwingine, turubai katikati, baridi, kisha si baridi sana.

"Umeamkaje?" akasema.

Malori yalipita. Akaacha yapite.

"Peke yangu," sauti ikasema ndani, imeparuza, kama mlango ambao haujafunguliwa.

"Hata mimi."

Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa aliyokuja nayo, akakipitisha chini ya ukingo wa turubai, akakishikilia mpaka akahisi upande wa pili umekishika.